Mbachao na Msala: Habari ya Vitu Vitupwavyo Maisaka

Methali yasema, "Usitupe mbachao kwa msala upitao." Tumeizoea kwa maana yake ya ndani, ya kwamba mtu asimwache wa kale aliyemfaa kwa ajili ya mgeni wa kupita. Safari hii twaomba wasomaji wetu watustahimilie tuichukue kwa maana yake ya nje, maana ya mkeka wenyewe. Mkeka umechakaa, ukingo wake umefumuka. Je, uende wapi? Kwa nyumba moja swali hili ni dogo. Kwa mji unaokua ni kubwa.

Maisaka ni kata ya mji wa Babati, ambao ndio makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipokatwa katika Mkoa wa Arusha mwaka 2002. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 93,108 katika Halmashauri ya Mji wa Babati. Sensa ya mwaka 2022 ikakuta watu zaidi ya 129,000. Ndani ya miaka kumi, basi, wameongezeka watu wa kutosha kujaza mji mwingine, na kila mmoja wao ala, avaa, anunua na atupa. Hapa wamechanganyika Wagorowa, Wairaqw, Warangi, Wambugwe na wengine walioletwa na biashara na kazi. Na kwa kuwa mji bado haujaachana na shamba, mkulima na mfugaji, fundi na karani wangali wakikaa mtaa mmoja. Huyu ana ng'ombe wawili nyuma ya nyumba, yule ana shamba la mahindi na mbaazi, wa tatu ana gereji kando ya barabara, wa nne hana ila jiko lake na watoto wake. Mtu wa mji mkubwa angeweza kuucheka mchanganyiko huo. Sisi twauhesabu kuwa ndio utajiri wa Maisaka katika jambo hili tunalotaka kulieleza.

Zamani jaa la nyumba halikumsumbua mtu. Kilichotupwa kilikuwa maganda ya viazi, majivu, kigae cha chungu, kipande cha ukili. Mbuzi alikula chake na udongo ukala chake. Leo katika jaa lilelile mna chupa za plastiki, makopo ya rangi, betri za redio, simu zilizokufa na ndala zilizokatika. Udongo hauwezi kuvila vitu hivi, basi jioni watu huvitia moto. Moshi wa plastiki si moshi wa kuni. Una sumu, na hasa ule utokao katika maganda ya nyaya na vipande vya mabomba; na wa kwanza kuuvuta ni mtoto achezaye uani na mama apikaye upande wa pili wa ukuta. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni 2019, tukarudi kwenye vikapu vya bibi zetu wala hakuna aliyekufa kwa ajili hiyo. Lakini sheria ile ilizuia mfuko tu. Mazoea ya kununua kitu, kukitumia mara moja na kukitupa yalibaki palepale.

Imepokewa katika vitabu vya Bukhari na Muslim kwamba mjakazi aliyeachwa huru na Bibi Maymuna (r.a.) alipewa kondoo kwa sadaka, kisha kondoo yule akafa. Mtume Muhammad (s.a.w.) akampita amelala chini, akauliza kwa nini wenyewe hawakuichukua ngozi yake wakaitengeneza wakanufaika nayo. Wakajibu kuwa ni mzoga. Akawafahamisha kwamba kilichoharamishwa ni kumla. Wanazuoni wameitumia Hadithi hii kwa mlango wa tohara, na ni haki yao. Nasi twaona ndani yake jambo jingine ambalo mwenye nyumba hana budi kulitazama: macho ya watu wale yaliona mzoga mmoja, naye aliona vitu viwili, nyama isiyofaa na ngozi inayofaa. Tena ngozi ile haikuwa na faida kwa kulala pale ilipolala. Ilihitaji mkono wa mtu ajuaye kazi ya ngozi.

Basi na tulichambue jaa la Maisaka kwa macho hayo.

Katika miji ya Tanzania zaidi ya nusu ya taka za majumbani ni mabaki ya chakula, maganda na majani. Hiyo si taka mahali penye kuku, mbuzi na ng'ombe. Maganda ya ndizi, majani ya kabichi na makoko ya ugali yana mlaji nyumba ya tatu, kama mwenye nyumba ya kwanza atayatenga na plastiki asubuhi badala ya kuyachanganya. Kuchanganya ndiko kunakoharibu. Ng'ombe akimeza mfuko pamoja na ganda, mwenye ng'ombe hatayataka tena mabaki ya jirani, na ana haki. Upande wa pili, nyuma ya banda la mfugaji samadi hurundikana mpaka jirani alalamike harufu na nzi, hali mwenye shamba, mwendo mfupi kutoka hapo, atoa fedha dukani kununua mbolea. Huyu azidiwa na kitu ambacho yule akinunua kingine badala yake. Kwa nini? Kwa sababu hawajaulizana.

Mifano ya namna hii ni mingi, na wakulima wa Manyara waijua kutushinda. Mashudu ya alizeti yanayobaki mafuta yakishakamuliwa ni chakula cha mifugo. Magunzi ya mahindi huwaka jikoni. Maganda ya mpunga, unaolimwa kwa wingi Magugu katika njia ya Arusha, huchomea matofali. Majivu ya jiko, ambayo wengi huyamwaga njiani, yakichekechwa na kuchanganywa na maharage makavu huyahifadhi na wadudu. Akina bibi hawakuyasoma haya kitabuni.

Jinsi mabaki yanavyohitaji mlaji, mji wa Cairo uliwahi kulionja jambo hilo kwa ubaya. Huko wako watu waitwao Zabbalin, wengi wao Wakristo wa Kikopti, ambao kwa miongo mingi wamekuwa wakikusanya taka nyumba kwa nyumba, wakitenga makaratasi, vyuma na plastiki za kuuza, na mabaki ya chakula wakiwapa nguruwe wao. Mwaka 2009, kwa hofu ya homa ya mafua ya nguruwe, Serikali ya Misri iliamuru nguruwe wote wachinjwe. Mara mabaki ya chakula yakakosa wa kuyala, wakusanyaji wakakosa sababu ya kuyabeba, na taka zikaoza katika barabara za mji. Sisi hatuna haja ya mnyama yule. Lakini twaweza kujifunza kwamba taka huondoka mlangoni pale tu ambapo yuko mtu anayezihitaji mwisho wa safari, na kwetu mbuzi na ng'ombe wako tayari wafungwa kambani.

Tukitoka jikoni twende kwa fundi. Tairi lililokwisha hugeuka katambuga, viatu ambavyo mchungaji huvivaa miaka na miiba isivipenye. Springi ya gari hufuliwa ikawa panga. Kopo la bati huwa koroboi, na bati bovu likawa jiko la mkaa. Alumini ikiyeyushwa upya hutaka kiasi cha sehemu 5 tu katika 100 za nguvu ya moto na umeme iliyotumika kuitoa katika mawe yake mara ya kwanza. Ndiyo maana mnunuzi wa vyuma chakavu haachi kupita. Hata ndala zina habari yake. Huko Lamu mafundi wakiongozwa na Ali Skanda waliunda jahazi liitwalo Flipflopi kwa tani zipatazo 10 za plastiki zilizookotwa, wakalifunika kwa ndala kuukuu 30,000 hivi. Lilitiwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu mpaka Unguja. Ni kazi ya kusifiwa. Hata hivyo Maisaka haihitaji jahazi. Yahitaji mtu wa kushona ndala ikikatika, na mwenye ndala asiyeona haya kumpelekea.

Hapa ndipo tulipokuwa tukielekea, kwani aibu ndiyo inayojaza majaa kuliko uvivu. Mtu ana sanduku la nguo za mtoto ambazo mtoto amezipita. Kumpa jirani aona haya, asije akadhaniwa kumdharau. Jirani naye, ambaye mtoto wake atembea kifua wazi, aona haya kuomba. Nguo zakaa sandukuni miaka mitatu, panya wazitafuna, na mwisho zatiwa moto. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa ni kazi gani Mtume (s.a.w.) alizokuwa akizifanya nyumbani kwake, alitaja kushona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Aliyekuwa mbora wa viumbe hakuona kiraka kuwa ni fedheha, nasi twaficha kiraka kama aliyeiba!

Hutakosa mtu atakayesema, "Basi na tuvitoe sadaka." Vema, lakini kwa tahadhari. Quran imekataza mtu kukusudia kutoa kilicho kibovu katika mali yake, na shati lisilo na mkono si sadaka. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaushukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, mkoani humuhumu Manyara, yakaua watu zaidi ya 80. Nguo, magodoro na vyakula vilichangwa kutoka kila upande wa nchi, na Mwenyezi Mungu awalipe wote waliotoa. Twauliza tu: ilipasa mlima uporomoke ndipo masanduku yafunguliwe?

Kwa siku za kawaida, ambazo ndizo nyingi, twaona kubadilishana kwafaa kuliko kupeana, kwa sababu hakumwachi mmoja mkono wake chini. Wako wachuuzi wapitao mitaani katika miji mingi ya Tanzania na Kenya na mabeseni, ndoo na vikombe, wasiotaka fedha bali nguo kuukuu. Mama hutoa suruali mbili akapata beseni, na hakuna aliyemhurumia mwenzake. Hiyo ndiyo mali kwa mali ya zamani, na watu wa mtaa mmoja waweza kuifanya wenyewe bila ya mchuuzi kati yao: nguo za mtoto kwa mayai, mashudu kwa maziwa, ufundi wa kushona kwa mkungu wa ndizi, madaftari na vitabu vya shule vya darasa lililopita kwa vya darasa lijalo.

Lakini Mwislamu abadilishanapo hana budi kujua hukumu zake, kwa maana riba haikai katika benki peke yake. Bilal (r.a.) alimletea Mtume (s.a.w.) tende nzuri, naye akauliza zimetoka wapi, Bilal akaeleza kwamba alitoa pishi mbili za tende mbovu akapata pishi moja ya tende nzuri. Mtume (s.a.w.) akalikataa jambo hilo kwa kuwa ni riba yenyewe, akamwelekeza auze zile mbovu kwa thamani nyingine, kisha kwa thamani hiyo anunue nzuri. Wengi wetu katika Afrika Mashariki twafuata madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo huingiza vyakula vyote katika hukumu hii. Basi mwenye madebe mawili ya mahindi yaliyobunguliwa asiyabadilishe kwa debe moja la mahindi mazima. Ayauze kwa fedha kwa mfuga kuku, kisha anunue. Mahindi kwa mayai hayana sharti la kulingana, maana ni jinsi mbili, ila yapokewe mkono kwa mkono bila ya kuahirisha. Ama nguo kwa beseni, au kiti kwa meza, havimo katika mlango huo. Mtu aweza kuzidisha na kuahirisha, mradi aibu ya kitu isifichwe. Beseni lenye ufa lionyeshwe ufa wake.

Samadi ina maneno yake. Kwa Mashafii kinyesi cha mnyama ni najisi, hata cha ng'ombe na mbuzi, na kukiuza hakusihi, ingawa kukitumia shambani kwaruhusiwa. Wamaliki na Wahanbali wahesabu kinyesi cha mnyama aliwaye kuwa ni tohara, na Wahanafi wameruhusu samadi iuzwe. Mafakihi wa Kishafii nao hawakuwaacha watu katika dhiki: mwenye samadi aondoa mkono wake katika haki aliyo nayo juu ya kitu kile, na kwa kuondoa mkono huko aweza kupokea malipo. Twayaeleza haya kwa sababu tumepata kusikia watu wema wakiiacha samadi ioze mlangoni kwa shaka ya dini, hali mlango uko wazi tangu karne nyingi.

Na mkeka wa msikiti, ambao umetuleta hapa? Huo ni wakfu, wala haumo katika mali ya imamu au ya kamati. Hata hivyo Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ametaja katika Minhaj kwamba kauli iliyo sahihi zaidi ni kujuzu kuuza mikeka ya msikiti iliyochakaa, na maboriti yake yaliyovunjika yasiyofaa ila kuchomwa. Na thamani yake hurejea katika maslahi ya msikiti. Kwa hiyo zulia lililokunjwa stoo miaka mingi likiliwa na mchwa halihifadhiwi wakfu kwa kukaa huko. Kamati na ikae na mwanachuoni wake, iuze, inunue mafagio.

Twaongeza maonyo machache, maana si kila kitu chafaa kurudi nyumbani. Chupa na madumu ya dawa za shamba yasitiwe maji ya kunywa wala mafuta ya kula kabisa, hata yakioshwa mara kumi. Yasuuzwe mara tatu, maji ya suuzo yatiwe katika bomba la kupulizia dawa, kisha yatobolewe ili asije mtu akayaokota. Betri za gari zina risasi na tindikali, na kuzivunja uani ni kuwalisha watoto sumu. Sufuria zilizosubiwa kwa machuma ya kuokota nazo zataka hadhari. Uchunguzi wa Kameruni uliotangazwa mwaka 2014 ulikuta risasi ikitoka katika sufuria za namna hiyo na kuingia katika chakula. Anayenunua na amuulize fundi anayeyusha nini, na vitu vikali kama ukwaju, ndimu na nyanya avipikie chombo kingine. Na kwa wale wafungao karanga na vitumbua kwa makaratasi ya madaftari: kabla ya kuchana, tazameni kilichoandikwa. Madaftari ya madrasa yana aya na jina la Mwenyezi Mungu, wala hayo si makaratasi ya kufungia.

Kuanza hakutaki ofisi. Siku moja katika mwezi, nje ya msikiti wala si ndani yake, kwa kuwa kuuza na kununua msikitini kumekatazwa. Uwanja wa madrasa watosha, au kivuli cha mti wowote ambao mwenyekiti wa mtaa ataukubali. Waitwe na majirani wasio Waislamu, kwa kuwa jirani ni jirani, na huenda yeye ndiye mwenye kile unachokitafuta. Awepo mshonaji wa viatu, fundi cherehani na fundi wa baiskeli, kwani robo ya vitu vitakavyoletwa kubadilishwa vitaonekana havikuwa na kosa ila uzi au msumari. Akina mama wawe wasimamizi. Wao ndio wajuao kanga hupitia maisha mangapi: vazi la kutokea, kisha la nyumbani, kisha mbeleko, kisha winda la mtoto, kisha kitambaa cha kushikia chungu, kisha tambara la kudekia, na ikitoka hapo imefanya kazi yake yote.

Ama samadi na mabua havingoji siku ya mwezi. Mvua za Babati huanza kwa kawaida mwezi wa Novemba au Desemba, na mahindi huvunwa katikati ya mwaka. Mwenye ng'ombe na mwenye shamba na wapatane siku ya mavuno, kabla mabua hayajatiwa moto shambani. Mabua yaende bandani kwa mkokoteni wa punda, na samadi iliyokwisha kuoza irudi shambani kwa mkokoteni uleule, ambao vinginevyo ungerudi mtupu.